Meza ya Misumari Mitatu

Karakanani kwetu Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi, kulikuwa na mafundi saba, lakini mtu akisimama mlangoni akaita "Fundi!" sita hawakuinua hata kope. Waliendelea kukanyaga cherehani zao, wakamwachia mama mmoja aitikie. Hata Mutiso, aliyeanza kushona kabla sijazaliwa, alimwita hivyo hivyo, na jinsi alivyolitamka neno hilo ungedhani yeye mwenyewe ni muuza mboga.

Alizaliwa wapi, na nani, sijui. Niliwahi kumuuliza.

"Nilizaliwa nikiwa mdogo," akasema, uzi mdomoni. "Haya, Digrii, hiyo oda ya sketi imefika wapi?"

Digrii ndiye mimi. Jina hilo lilitokana na sketi niliyompelekea aifupishe, ya kwendea usaili wa kazi. Alinitazama kama alivyomtazama kila binadamu, kuanzia pindo kwenda juu, uso ukawa wa mwisho. Watu wa Kongo aliwajua kwa mishono yao kabla ya majina. Mchungaji akipita nje alisema, "Yule wa kwapa lililofumuka," na sote tukajua ni nani. Basi sketi alinifupishia vizuri, ila kazi sikuipata. Nilirudi wiki iliyofuata, nikamwambia kwa utani kwamba sketi yake haikunisaidia kitu.

"Sketi haijibu maswali," akasema. "Ni wewe ulienda kujibu. Kwani ulisomea nini huko chuo?"

"Usimamizi wa biashara."

Mutiso alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Fundi hakucheka. "Sawa, Digrii. Simama hapo kwa simu. Watu wa shule wananipigia nikiwa na mkasi, na mimi siwezi shika vitu mbili zenye makali."

Nikasimama hapo kwa simu miaka mitatu.

Tulishona sare za shule. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na nusu ya chumba hicho ilikuwa meza. Cherehani saba ziliegemea kuta, na katikati ikalala meza ya kukatia, mbao sita pana zilizopigiliwa pamoja, ndefu kiasi kwamba ukitaka kutoka nje ulilazimika kuomba njia kwa watu watatu. Meza hiyo ilikuwa na sheria zake. Hakuna aliyeruhusiwa kuiegemea, wala kuiwekea simu, kikombe au kiwiko. "Meza si kitanda," alisema Fundi, na aliyesahau alikumbushwa kwa futi ya mbao mgongoni, si kwa nguvu, lakini mbele ya watu.

Kwenye ubao wa pembeni palikuwa na misumari mitatu iliyopigwa mpaka vichwa vikalingana na mbao, ving'aavyo kwa kusuguliwa na vitambaa. Ilikuwa misumari ya mifuko. Ulilaza kipande cha mbele cha shati, bega likagusa ukingo wa meza, na pale msumari ulipokuwa ndipo ulipoweka chaki: mfuko uanzie hapa. Msumari wa kwanza ulikuwa wa watoto wa nasari, wa pili wa darasa za chini, wa tatu wa wakubwa. Aliipiga mwenyewe miaka mingi kabla yangu. Fundi mgeni alifundishwa misumari siku ya kwanza, na baada ya mwezi vidole vyake viliipata bila macho.

Mimi, ninayeuliza kila kitu, sikuwahi kuuliza chochote kuhusu misumari. Lakini kuhusu chai niliuliza.

Fundi alikuwa mchoyo wa dakika. Ukienda msalani alitazama saa, ukirudi aliitazama tena. Lakini ilipofika saa nne asubuhi, hata kama kuna mzazi anayegombana mlangoni, cherehani zote zilinyamaza kwa mpigo, na kila mtu akachukua kikombe chake ukutani kwenye msumari wake. Changu kilikuwa cha bati, cha buluu, chenye pengo ukingoni. Alimimina mwenyewe kutoka kwenye birika kubwa. Kushona wakati mwenzako anakunywa kulikatazwa. Kuzungumzia kazi kulikatazwa pia. Tulizungumzia mimba za majirani, nyimbo za kwaya, na kama kuku wa Ukambani ni mtamu kuliko kuku wa Magharibi, mjadala uliodumu miaka yote mitatu bila mshindi.

"Kwa nini tusinywe kwa zamu?" nilimuuliza mwezi wangu wa kwanza. "Mashini zisisimame. Tungeokoa karibu nusu saa kila siku."

"Na wewe zamu yako ikifika, utakunywa na nani?"

"Peke yangu. Ni chai tu, Fundi."

"Kunywa chai na ukuta," akasema, "ni ya wagonjwa."

Nikaandika hilo kwenye daftari langu chini ya kichwa "Mambo Yasiyo na Sababu." Daftari hilo lilijaa haraka. Alidai hapendi simu na alikuwa nazo tatu. Alisema kusengenya ni dhambi, kisha akavuta kiti karibu. Alimfukuza mteja aliyetaka kaptula isiyo na pindo la ndani, la kuachiliwa mtoto akirefuka, eti "unanunua nguo au unanunua picha?" Kisha akamwita arudi, akamshonea na pindo, hakumwambia.

Na alikuwa na sikio. Aliinamia kitambaa na mkasi, mgongo kwa mafundi wote, na katikati ya kelele za cherehani zote akasema bila kugeuka, "Mutiso, umeruka." Mutiso akaangalia, akakuta mshono umeruka. "Hiyo ya kona inataka mafuta." "Nani anavuta kitambaa? Usivute. Kitambaa kinajua njia." Nilidhani ni mchezo. Siku moja nilikaa kwenye cherehani ya mtu mwingine, nikakanyaga vibaya makusudi. "Digrii," akasema, mgongo wake ukiwa umenigeukia vile vile, "toka hapo kabla hujaumiza mashini ya watu."

Haya yote nayasema ili ueleweke ugumu wa jambo lililotupata.

Kola zetu alizishona Nafula. Zilisimama wima hata shati likiwa halina mtu ndani, na shule mbili zilitujia kwa ajili ya kola hizo tu. Nafula aliishi Soweto West, Kibera. Kila asubuhi alitembea kutoka huko mpaka Kongo, kwanza peke yake, halafu na mimba, halafu na mtoto mgongoni. Mtoto alipoanza kutambaa, chumba kilimshinda. Hapakuwa na sakafu ya kutambaa. Palikuwa na miguu, sindano zilizoanguka na pasi ya makaa. Siku alipouvuta mkia wa kitambaa kilichokaliwa na pasi, Mutiso aliiruka cherehani yake akaidaka pasi hewani kwa kiganja kitupu. Mtoto hakuguswa. Mutiso alizunguka na mkono uliopakwa asali wiki nzima, akimwonyesha hata asiyeuliza.

Saa ya kufunga, Nafula alikunja aproni yake. "Fundi, acha nimalizie tu hii mwezi. Siwezi kumwacha na siwezi kumleta."

"Utaenda wapi?"

"Nitakaa nyumbani. Nitaona."

Fundi aliitazama aproni iliyokunjwa, si uso. "Usiikunje hivyo," akasema. "Itakuwa na alama."

Wiki hiyo hiyo kinyozi wa chumba cha pili alihama. Mwenye nyumba akaja amevaa koti zuri, kwapa zima. "Fundi, si uchukue hiyo chumba? Tunavunja ukuta, unakuwa na ofisi kubwa kama watu. Mtoto wa huyu dada anapata kona yake. Nipe jibu mwisho wa mwezi."

Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili za kumbakiza Nafula: tupanue chumba, au yeye apeleke cherehani nyumbani, ashonee huko. Mutiso alitaka chumba. Mimi nilitaka watu washonee nyumbani, na kwa jambo hilo nilikuwa na hoja kumi na moja, zimeandikwa kwa nambari. Dunia nzima ilikuwa imeshajua kwamba kazi si mahali, nilisema. Nilimsomea Fundi zote akiwa anakata.

"Ya saba, rudia," akasema.

"Mfanyakazi huokoa muda wa safari."

"Mfanyakazi gani?"

"Yeyote. Mfanyakazi tu."

"Hana jina?"

Nikasema ana jina, ni Nafula, na wale mafundi wawili wenzake wa Soweto West.

"Sasa andika jina. Wewe unaniambia mfanyakazi, mfanyakazi, nikidhani ni mtu simjui."

Kesho yake mlango ulifunguliwa na Mutiso. Haikuwahi kutokea. Tulianza kazi tukitazamana, na saa tatu ilipokaribia tukamwona Fundi anakuja na njia kutoka Kibera, nyuma ya Nafula, viatu mkononi, matope mpaka magotini, na yule mtoto amelala mgongoni mwake. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo, akaenda mpaka Soweto West, akagonga mlango wa Nafula, akamwambia, "Leo tunaenda pamoja." Saa nne ikafika. Na hapo, birika mkononi, akavunja sheria yake mwenyewe.

"Huyu msichana anafika kazini akiwa ameshafanya kazi," akasema. "Sisi hapa tunapewa mabaki."

"Si ndio nasema tuchukue chumba," Mutiso akadakia. "Mtoto apate pahali."

"Chumba itafupisha barabara?"

Mutiso akanywa chai. Mimi nikatabasamu.

"Na wewe usicheke, Digrii. Wakishonea huko, nitawasikia aje?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hoja zangu kumi na moja hazikuwa zimegusa kitu kimoja kilichomtisha. Yule mama hakuogopa kwamba watu wangelala wakiwa nyumbani. Aliogopa kimya. Alikuwa amesimamia kazi kwa masikio tangu alipoianza, na sasa tulitaka aisimamie akiwa kiziwi.

"Mimi siendi popote," Mutiso akatangaza. "Nyumbani kwangu kuna kitanda na mimi. Cherehani ikiingia, mmoja wetu atoke. Na nikishona peke yangu nitaongea na nani? Uzi?"

Fundi akaamua hivi: Nafula na wale wawili wa Soweto West wajaribu mwezi mmoja nyumbani, wengine tubaki, mwenye nyumba angoje. Kama kazi itaharibika, Nafula ataenda na tutatafuta mtu mwingine wa kola. Alilisema hilo mbele ya Nafula, na Nafula akaitikia kwa kichwa.

Cherehani tatu ziliondoka kwa mkokoteni Jumapili baada ya kanisa. Fundi aliukataa ushauri wa mwenye mkokoteni kwamba arudi, cherehani zitafika tu. Alitembea kando njia nzima, kiganja juu ya kichwa cha cherehani ya Nafula, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali, na kila shimo likitokea alimwambia mwenye mkokoteni, "Pole pole, ina homa." Walipofika Soweto West njia ikawa nyembamba, mkokoteni ukakwama, na majirani wakazibeba mabegani mpaka ndani wakiimba wimbo wa arusi, kwa sababu wa kubeba cherehani haukuwepo.

Jumatatu asubuhi, Fundi, asiyependa simu, alimpigia Nafula. "Weka simu kando ya mashini," akasema. "Si ya kuongea. Shona." Kisha akaisokomeza simu ndani ya kilemba, juu ya sikio, akaendelea kukata kitambaa. Tulimtazama. Mkasi ulikwenda, kilemba kikanong'ona tik-tik-tik, na ghafla akasema kwa sauti kubwa kuelekea dirishani, "Nafula, punguza haraka, uko kwa kona!" Sauti ndogo ikatoka kichwani mwake: "Sawa, Fundi." Mutiso alilazimika kutoka nje acheke vizuri. Wiki ile ya kwanza aliwapigia wote watatu kwa zamu, na akaanza kukata kitambaa na wimbo mdomoni. Nilikuwa nimeshinda, nilidhani. Niliweka alama ya tiki kwenye hoja zote kumi na moja.

Kisha ikaja oda ya mashati ya darasa za chini, ya shule mpya iliyokuwa ikifunguliwa Jumatatu. Mashati yafike Jumamosi. Vipande vilikatwa Kongo, vikapelekwa Soweto West vimefungwa kwa kamba, na mimi nikaandika maagizo kwenye kundi letu la simu. Nilijisifu kwa ufupi wake: "Mifuko yote, msumari wa pili. Asanteni."

Wote watatu walijibu kwa kidole gumba.

Alhamisi mashati yalirudi yamepigwa pasi, yamekunjwa, kola zimesimama kama kawaida. Nikaanza kuyatundika kwenye kamba nje ili niyahesabu. Nilipofika shati la kumi nikarudi nyuma hatua mbili. Mifuko ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kama ngazi. Mengine yalikuwa na mfuko chini ya kola kabisa, kama mtu anayetaka kuweka kalamu kidevuni. Mengine yalikuwa nao tumboni.

Nyumbani hapakuwa na misumari. Nafula alikuwa amepima vidole vinne na kiganja kutoka begani. Mwenzake mmoja alimpima mwanawe, ambaye ni wa darasa la pili lakini mnene. Wa tatu aliukumbuka msumari kwa moyo, akachora chaki kwenye ukingo wa kitanda, na kitanda chake kina mteremko. Kila mmoja alikuwa amepatana na kipimo chake mwenyewe kila mara, bila kukosea hata kidogo.

Walikuja wote watatu mchana ule, nimewaita. Nafula aliyatazama mashati kwenye kamba, mtoto kiunoni. Hakulia. Akasema tu, "Basi, Fundi. Nimeelewa. Nitaleta mashini kesho."

"Si nilisema?" Mutiso akaanza.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya kamba, akienda shati hadi shati kwa hatua ndogo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, nikajiandaa. Akageuka, machozi yanamtiririka, na kicheko kikatoka ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu wa umri ule, cha mtoto aliyemwona padri akiteleza. Alishika shati la mfuko wa kidevuni, akamwekea Mutiso kifuani, akashindwa kusema. Mutiso akajaribu kuweka simu mfukoni, ikampiga kwenye koo. Basi tukaisha wote kwa kicheko.

Alipopata pumzi akaniuliza mimi. "Digrii. Wewe unauliza hadi kwa nini chai ni ya saa nne. Hujawahi uliza msumari wa pili ni inchi ngapi?"

Nikatoa simu.

"Tupime sasa hivi," nikasema. "Niandike kwa kundi, iishe."

"Leteni tepu zenu."

Wakatoa, kila fundi yake ya kitambaa, zimechakaa kwa kuvaliwa shingoni. Akazilaza sambamba mezani, mwanzo wote pamoja. Mwisho haukuwa pamoja hata kidogo. Zilikuwa zimevutika miaka yote hiyo, kila moja kwa kiasi cha shingo ya mwenyewe. Tepu ya Mutiso ilikuwa imerefuka karibu kidole kizima, na Mutiso akaitetea akisema ni zile nyingine zilizorudi, zikafupika.

"Wacha hesabu," Fundi akasema. "Kwanza tufumue."

Tulifumua mifuko yote Alhamisi ile na Ijumaa, watu sita chumbani na wawili kwenye ngazi ya mlango, wembe na sindano, hakuna aliyemkaripia mwenzake. Mtoto alianza kulia. Hakukuwa na pa kumweka. Nafula alimhamisha kutoka paja hadi paja mpaka Fundi akamchukua, akatandika kitenge, akamlaza juu ya meza.

Tukaacha kufumua.

"Nini?" akasema. "Hamjawahi ona mtoto?"

Mtoto akajinyoosha kwenye meza ile ya mbao sita, mkono huku, mguu kule, na bado palibaki nafasi ya watoto wengine watano. Fundi akasimama akimtazama. Akaitazama meza. Akatazama ukuta wa kinyozi, kisha mlango, kisha meza tena.

"Kumbe ni wewe," akaiambia meza.

Jumamosi, mashati yakiwa yameshaenda, kila mfuko ukiwa kwenye msumari wa pili, aliazima msumeno. Hatukuamini mpaka alipoanza. Aling'oa mbao mbili za pembeni, ule wa misumari ukiwamo, akazikata vipande sita vya urefu wa mkono. Mutiso alishika upande wa pili na kulalamika kama mtu anayechinja ng'ombe wa babake. Kisha Fundi akavilaza vile vipande vitano vipya ubavuni mwa kile chenye misumari, mmoja mmoja, akagonga misumari mipya mahali palepale, akisugua kila kichwa kwa kidole gumba aone kama kimelingana. Vipande vitatu vilienda Soweto West. Viwili vikabaki Kongo. Kimoja akaweka akiba, "kwa ajili ya mtu bado hajakuja."

Kile cha zamani, chenye misumari yenyewe, alimpa Nafula.

"Aki Fundi, hiki si cha hapa?"

"Meza iko kwako sasa. Ukitaka kujua iko sawa, sisi ndio tutakuja kupima kwako."

Meza ilipopungua, chumba kikapumua. Ungeweza kufika mlangoni bila kumwomba mtu njia. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua jibu, Fundi alimwambia hana haja ya chumba, amepata kimoja chini ya meza. Yule mzee alirudi kwake akitikisa kichwa. Nafula alibaki na kazi yake. Kola zikaendelea kusimama.

Mimi ndiye niliyeondoka. Nilipata kazi kwenye kampuni ambayo mpaka leo sijauona mlango wake. Naifanya kitandani, kompyuta mapajani, na hoja zangu zote kumi na moja ninaziishi. Ni za kweli. Saa nne huwa nachemsha maji.

Mwaka huu, Ijumaa moja, mkutano wa asubuhi uliahirishwa, nikajikuta natembea kwenda Kongo bila sababu ya kuandika kwenye daftari. Nilivaa blauzi nyeupe na skafu. Fundi alikuwa mlangoni, mwembamba kidogo, kilemba kile kile. Alianza kwenye pindo, akapanda.

"Kifungo cha pili," akasema. "Unafunga na pini, halafu unaificha na skafu."

"Mimi pia nimefurahi kukuona, Fundi."

"Ingia, Digrii."

Ukuta wa kinyozi ulikuwa umetobolewa mlango. Alikuwa amechukua kile chumba, kumbe, baada ya yote. Nikapita nikitarajia cherehani kumi. Hapakuwa na hata moja. Palikuwa na mabenchi mawili, birika, mkeka, na juu ya mkeka yule mtoto, sasa mkubwa wa kujibizana, akimfundisha mwingine mdogo jinsi ya kupiga kelele. Nafula alikuwa ameketi na wale wenzake wawili, na wanawake wengine wanne nisiowajua, kila mmoja na furushi la mashati miguuni.

"Na mashini ziko wapi?" nikauliza.

"Kwao," Fundi akasema.

"Zote?"

"Isipokuwa ya huyo." Akamwonyesha Mutiso kwa kidevu. "Huyo na kitanda chake bado hawajaelewana."

"Kwa hiyo hiki chumba ni cha nini?"

"Ijumaa, saa nne," Mutiso akasema. "Usiniangalie mimi. Nilitaka chumba cha kazi, akanipa chumba cha kusengenya."

"Kuku wa Magharibi ameshinda," Nafula akanipasha habari. "Ulikuwa hauko."

"Uongo!" Mutiso akafoka, na mjadala ukaanza upya kana kwamba nilikuwa nimetoka kwenda msalani tu.

Ukutani palikuwa na safu ya misumari na vikombe. Fundi alienda mpaka mwisho wa safu, akakishusha cha bati, cha buluu, chenye pengo ukingoni. Kilikuwa kimejaa vifungo. Akavimwaga kwenye aproni, akakipuliza, akakipangusa kwa pindo la kitenge, akanimiminia.

"Ulikuwa unaweka vifungo kwa kikombe changu?"

"Kikombe hakikai bure."

Nilikunywa nikiwa nimebanwa kati ya Nafula na mwanamke mmoja niliyeambiwa kwamba kile kipande cha akiba kilikuwa chake. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno, kama zamani, na hakuna aliyezungumzia kazi. Nilipofika chini, kitu kikanigonga jino. Nikakitema kiganjani. Kifungo cheupe, cha matundu manne, sawasawa na vyangu.

Nilimtazama. Alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano.

"Fundi, hiki kilibaki kwa bahati mbaya au umekiweka?"

"Toa hiyo pini," akasema.